Kaa Mbuzini, Sukuma Tende

Siku ya tatu ya matanga ya Zuhura, Batuli alisimama kwenye ncha za vidole ili atoe kopo la sukari juu ya kabati, na mimi bila kufikiri nikasema, "Chungulia." Akacheka hadi kopo likamponyoka mkononi. Wanawake waliojaa mikekani wakatugeukia, wengine kwa macho ya kutuonya, wengine kwa hamu ya kucheka na wao, maana matanga ya mtu mzima aliyeugua muda mrefu hufika mahali watu wakatafuta pa kupumulia. Binti yake Zuhura, ambaye ndiye aliyekuwa na haki ya kukasirika, akauliza kuna nini. Batuli akamwambia kwamba mamake alikuwa akijua kuruka kama paka, tena kwa Kifaransa. Yule binti hakuamini hata chembe. Mama aliyemjua yeye alikuwa mwanamke mzito aliyekaanga viazi vya karai mlangoni na kulalamikia magoti kila masika. Hapo ndipo nilipoona lazima mtu auandike ule mwaka, kwa sababu wanaoujua tumebaki wawili, na Batuli akishika kalamu huandika vitu vya kununua sokoni tu. Nami nina sababu yangu nyingine ya kuuandika, ambayo haina kicheko ndani yake, na nitaifikia.

Ulikuwa mwaka wa tatu baada ya Uhuru na nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Bi Lusi alikuwa amepanga ghorofa ya juu ya nyumba ya mamake Zuhura, mtaa wa Langoni, Lamu, kwenye kichochoro chembamba kiasi kwamba punda akipita na mawe ya kujengea huna budi kurudi nyuma hadi uingie daka la watu, kile kibaraza cha mlangoni. Alikuwa Mzungu wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mgongo umenyooka, nywele nyeupe amezifunga fundo kisogoni. Mumewe alikuja Lamu zamani kwa kazi ya serikali, akafa, akazikwa hapa hapa, na yeye akakataa kuondoka. Ujanani mwake alikuwa akicheza na kufundisha ile ngoma ya kwao ya kusimama kwenye vidole, wenyewe huiita bale. Kiswahili chake alikipata kwa mamake Zuhura, kwa hivyo kilikuwa Kiamu kitupu, na watu wa bara waliokuja na kazi za ofisini, walimu na mapolisi, walikuwa wakimsikia sokoni na kusimama kumtazama, Mzungu mzima anayesema "ndoo" badala ya "njoo" na kupigania bei ya samaki changu kwa kuapa.

Alianza kwa kutufundisha kufuma vitambaa. Alikuwa akituona tumejikunja juu ya sindano, akawa hawezi kuvumilia, akasema wasichana watatu wazuri hivi mbona wanakaa kama magunia. Kutoka hapo tukaanza kunyooshwa. Mama zetu walikubali kwa sababu ngazi zile hazikupandwa na mwanamume yeyote, madirisha yote yalitazama kiwanjani ndani ya nyumba, na mamake Zuhura alikuwa chini akimchuja kila aingiaye. Waliita darasa la viungo, na mmoja wao alisema msichana akijua kusimama hata buibui humkaa. Siku moja mamake Zuhura alipanda na sinia ya chai, akaketi kitako, akatazama hadi mwisho. Aliposhuka tukajibanza juu ya ngazi kusikiliza hukumu yake kwa majirani. "Ni goma la wanawake tu, kama lelemama," akawaambia, "ila hawana ngoma, hawana nyimbo, na hawateki wala kutabasamu. Sioni dhambi yake, na utamu wake pia siuoni."

Chumba chenyewe nakiona hata sasa kuliko ninavyokiona hiki ninachoandikia. Kilikuwa kirefu na chembamba kama vyumba vyote vya zamani vya Lamu, kwa sababu hakuna boriti ya mkoko inayoweza kuvuka upana mkubwa zaidi ya ule. Ukuta wa mwisho wote ulikuwa zidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyochongwa safu juu ya safu, ambavyo katika nyumba zetu viliwekwa sahani za Kichina na misahafu. Bi Lusi aliweka humo santuri zake, viatu vyake vya ujanani vilivyochakaa, picha ya mumewe, birika, na ndimu. Kati ya milango miwili alifunga mti mrefu wa mkoko kwa kamba, usawa wa kiuno, na huo ndio tulioushika tulipojinyoosha. Viatu tulishonewa na fundi wa makubadhi wa pale pale Langoni kwa ngozi laini ya mbuzi. Alipewa kiatu kimoja cha Bi Lusi akifuatishe, akauliza ni cha mgonjwa gani. Tulisoma Alhamisi alasiri na Ijumaa asubuhi, siku chuo cha Kurani kilipofungwa. Gramofoni ilizungushwa kwa mkono, na kazi hiyo tulipigania. Baada ya somo alitupa chai ya rangi yenye ndimu na mkate mkavu aliouoka mwenyewe, mkate ambao Batuli aliutia mfukoni akenda kuwapa punda. Sinia ya mamake Zuhura ikija na mkate wa mofa na samaki wa kupaka, sote wanne, Bi Lusi pamoja, tulikula kimya mpaka bakuli likang'aa.

Taabu ilikuwa majina. Kila hatua ina jina lake la Kifaransa, na Bi Lusi aliyataja upesi upesi, akitaka mguu uanze kabla jina halijesha. Batuli, aliyekuwa na juzuu kumi za Kurani moyoni na hakosi hata irabu, hakuweza kushika majina mawili ya Kifaransa kwa mpigo. Akawa analia. Ndipo Zuhura, ambaye akili yake haikuwahi kutoka jikoni, akaanza kuzibatiza hatua kwa jinsi zinavyofanana. Kushuka magoti yakifunguka nje na mgongo ukibaki wima, pliye yao, kukawa "kaa mbuzini", kwa kuwa hivyo hivyo ndivyo mtu anavyojishusha juu ya mbuzi ya kukunia nazi, na akipinda mgongo nazi inakwenda kombo. Kupeleka mguu mbele mpaka ibaki ncha ya kidole sakafuni kukawa "sukuma tende": imeanguka tende moja, isukume na usiiponde. Kuzungusha mguu nusu duara kukawa "koroga". Mikono ikiviringwa mbele ya kifua ni "beba sinia". Kuteleza upande, mguu mmoja ukiufukuza mwenziwe, ni "mpishe shemeji", jinsi unavyojibana ukutani kichochoroni shemeji yako akipita nawe unajifanya humwoni. Mkono mbele na mguu mmoja nyuma hewani ni "anika kanzu". Kupanda kwenye ncha za vidole ni "chungulia", maana ndivyo tulivyochungulia watu wa chini juu ya ukuta wa dari, lile paa bapa la nyumba, jambo tulilokatazwa kila siku na tulilolifanya kila siku. Na ule mruko wa kando, magoti yote mawili juu, ulikuwa "paka wa bucha". Tulimficha Bi Lusi majina haya kwa muda, tukidhani ni utovu wa adabu. Alipoyasikia alikaa chini kwa kucheka. Akatueleza kwamba huo mruko, hata kwao, jina lake ni hatua ya paka. Zuhura alivimba kichwa wiki nzima na hakuna aliyeweza kusema naye.

Kuanzia hapo Bi Lusi mwenyewe akayatumia. Alisimama katikati ya chumba, kidevu juu, akaita kwa sauti ile ya amri ya zamani: "Kaa mbuzini, na mbili, na tatu, sukuma tende, mato mbee, Batuli, tende haiko dirishani." Watu waliopita kichochoroni walidhani anatufundisha kupika. Mimi sikuwa mchezaji mzuri, niseme kweli. Nilikuwa na nyonga ngumu na nilihesabu kwa sauti. Batuli alikuwa wa wastani. Zuhura ndiye aliyekuwa na kitu. Akiruka hukusikia kutua kwake, na Bi Lusi alikuwa akigeuza uso upande wa zidaka kidogo, kisha akasema, "Tena."

Sijui ilianza lini hasa. Nikirudisha nyuma naona vitu ambavyo wakati ule havikuwa kitu. Bi Lusi alimtuma Batuli akanunue mkate, Batuli akarudi nao, akamtuma tena, naye akenda tena na kununua wa pili, kwa sababu mtu mzima akikutuma huendi kumwambia amesahau. Alitufanyisha zoezi moja mara nne mfululizo, tukalifanya mara nne. Siku nyingine ndimu zilikuwa ndani ya gramofoni na siagi ilikuwa juu ya santuri, ikiyeyuka. Kisha ikaja Alhamisi moja aliposimama mkono umeinuka, mdomo umefunguka, na hakuna jina lililotoka, la Kifaransa wala la kwetu. Muziki uliendelea peke yake. Nilimwona akitutazama mmoja mmoja kwa hofu ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mzima, na nikatamani ardhi inimeze. Zuhura, aliyekuwa karibu naye, akasema polepole kana kwamba anajikumbusha mwenyewe, "Tende." Bi Lusi akashusha mkono. "Naam, sukuma tende," akasema, na tukasukuma.

Hivyo maneno yaliyotungwa ili Batuli aache kulia yakawa mkongojo wa mwalimu. Hatukukaa kikao juu ya jambo hilo. Tulipokezana tu, aliye karibu akinong'ona, na hakuna aliyemwambia mwenziwe kwamba tunanong'ona. Ilipokuwa haitoshi, Zuhura akaleta wazo la zidaka. Tuliondoa vitu katika safu ya katikati tukaweka vyetu kwa mpango wa somo: kifuu cha nazi, tende kavu, mwiko, sinia ndogo ya shaba, ndara ya mwanamume kwa ajili ya shemeji, kanzu ya mdoli, na mwisho paka wa udongo. Mwalimu akiutazama ukuta tu atajua kinachofuata. Alhamisi ile akautazama ukuta, macho yakamng'aa, akaanza somo kwa paka, akatufanyisha kanzu, na kumalizia kwa kukaa mbuzini. Misuli ya paja ilituuma siku tatu. Tulikuwa tumepanga kutoka kulia kwenda kushoto, kama tulivyofunzwa kusoma chuoni, na haikutupitia akilini hata kidogo kwamba mwenzetu husoma kutoka upande wa pili. Tulicheka mpaka tukalala sakafuni, naye akacheka pamoja nasi bila kujua anacheka nini. Hiyo ndiyo kumbukumbu ninayopenda kuishika nikitaka kusema tulifurahi. Nikiitazama vizuri naona macho yake akicheka, na furaha yangu inapungua.

Barua ilikuja wakati wa kusi. Ilitoka kwa Anna, binti wa kaka yake, aliyekuwa akiishi Nairobi na aliyekulia shamba la Wazungu huko bara. Wageni waliopita Lamu walikuwa wamemwambia shangazi yake amechanganyikiwa. Atakuja kwa ndege ndogo, siku moja tu, aone mwenyewe; na akiona kweli hawezi kukaa peke yake, atamchukua ampeleke kwenye nyumba ya wazee. Bi Lusi alitusomea barua ile akaikunja. Baada ya chai akaifungua upya na kutusomea tena, na akalia tena upya, machozi yale yale, mahali pale pale pa barua. Akanishika mkono. "Kule watanifungia," akasema. "Hapano nna nyinyi. Msimwate anitukue." Tusimwache Anna amchukue: ni ombi ambalo mtu mzima alitupa sisi, wasichana watatu ambao hatukuruhusiwa hata kwenda gatini bila ya mtu, na hatukuwa na nguvu yoyote duniani ila ile ya kunong'ona.

Tulimpelekea mamake Zuhura habari. Alikuwa akichambua mchele, hakuacha kuchambua. Alisema alijua kitambo. Alisema kila nyumba ya Langoni ina wake, mmoja mwenye kifafa, mmoja anayezungumza na ukuta, na hakuna anayetolewa barazani kuonyeshwa wageni. "Amekuya kwangu na akili zake," akasema, "na zikipungua, zitapunguka kwangu. Msimvue nguo mbee za watu." Kwetu sitara ni dini na ni adabu kwa pamoja, ukiwa na aibu ya mwenzio mkononi kazi yako ni kuifunika. Nilikubali na niliamini, na hata leo sijaacha kuamini kabisa. Ila mimi nilikuwa na jambo ambalo wao hawakuliona kwa macho. Ijumaa moja nilifika mapema nikakuta stovu ya mafuta ya taa inawaka wima, haina sufuria, na leso imeanikwa shubiri moja kutoka kwenye moto, Bi Lusi akiwa amelala chumba cha ndani. Niliizima. Nilimwambia Zuhura peke yake, naye akaniapisha. Moyoni nikajipangia hivi: sitakwenda kumshtaki, lakini huyo binti wa kaka yake akiniuliza, nitamwambia.

Anna alikuja asubuhi ya Ijumaa, mrefu, mwekundu kwa jua, amevaa suruali na saa kubwa ya kiume. Kiswahili alikijua, kile cha shambani cha kuamrisha, na alikitumia kwa upole kadiri kilivyomruhusu. Tukacheza. Sijawahi kucheza vile kabla wala baada. Bi Lusi aliita hatua zote kwa kufuata ukuta, ambao sasa tuliupanga upya kushoto kwenda kulia, na palipokwama Zuhura alinong'ona bila kutikisa midomo, na mimi nikahesabu kwa kimya mara ya kwanza maishani. Zuhura aliruka paka wa bucha mara tatu mfululizo. Yule mgeni, aliyekuja na uso wa hakimu, alikuwa akifuta macho kwa mkono wa shati. Alimkumbatia shangazi yake, wakazungumza kwa lugha yao, na Bi Lusi alikuwa mkunjufu, akijibu, akitania, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Batuli akanibana mkono hadi ukaniuma. Anna akatazama saa, kwa sababu boti ya kumvusha Manda kwenye ndege ilikuwa ikimsubiri, na mimi nikapewa kazi ya kumshusha ngazi, maana ni ngazi za giza na mgeni hukosa kidato cha nne.

Chini, kabla ya mlango, akasimama akanigeukia.

"Wewe. Shangazi yangu, mzima?"

"Mzima," nikasema.

Akashusha pumzi. Akanigusa bega, akasema vizuri, asante, akainama kupita mlangoni na kutoka.

Nataka anielewe mtu ambaye hakulelewa kwetu. Kwetu hata aliyebebwa juu ya kitanda, ukimwuliza hujambo atakwambia sijambo. Ndipo unapoketi. Unasema enhe, unauliza nyumbani, unauliza watoto, unauliza tena, mzima kweli, na hapo ndipo anapokwambia kwamba usiku wa jana hakulala kwa maumivu. Mzima wa kwanza ni wa heshima, anauliza mtu na kujibiwa ili mlango ufunguke. Habari yenyewe huja ukiulizwa mara ya pili. Kila mtoto wa Lamu anajua hivi bila kufundishwa. Neno langu la pili lilikuwa tayari mdomoni, "ila anasahau," na baada yake stovu, na baada yake leso. Nilikuwa nimevuta pumzi ya kulisema. Nilitoka hadi dakani, nje ya mlango, nikamwona anakwenda kichochoroni kwa hatua ndefu, na ningeweza kumwita. Lakini msichana hapigi kelele njiani nyuma ya mgeni kumpa habari mbaya ambayo hakuiuliza. Na kwa kuwa nimeamua kuandika kweli, niongeze na hili: nilifurahi kwamba hakuuliza. Juu walikuwa wakiruka na kupiga makofi, tumeshinda, na nilitaka kupanda niwe pamoja nao.

Ramadhani ilipoingia masomo yakasimama. Bi Lusi alizidi kupungua. Alianza kunichanganya na dada yake aliyekufa; akanisemesha Kifaransa kirefu, nami nikaitikia kwa kichwa, kwa sababu hata hilo ni adabu. Usiku wa kuamkia Idi mamake Zuhura aliitwa aende kisiwani Pate, dada yake ni mgonjwa, akenda na Zuhura. Kabla ya kuondoka alipita nyumba kwa nyumba akawaambia majirani wamtazame Bi Lusi. Wote walisikia na wote walifanya. Siku ya Idi kila nyumba ilimpelekea sinia yake, biriani, kaimati, tambi za sukari, watoto wakaambiwa waiweke juu ya ngazi, wabishe, washuke, wasimsumbue mtu mzima amelala. Kila nyumba iliona nyumba nyingine ikipeleka, ikajua yuko na watu. Mimi nilikuwa na nguo mpya na shughuli zangu za Idi. Nilikwenda siku ya tatu na sinia ya mama, nikakuta juu ya ngazi sinia nne zimepangwa, kila moja imefunikwa kawa lake zuri la kusukwa, hakuna iliyoguswa, na sisimizi wamekwisha kufanya njia yao kutoka moja hadi nyingine.

Nilimkuta chini ya ngazi za ndani, zile zinazopanda darini, nyonga imevunjika. Alikuwa hai. Midomo ilikuwa imepasuka na hakuweza kusema ila kwa kunong'ona, na alilonong'ona sikulijua. Nilichovya leso yangu mpya kwenye mtungi nikamkamulia maji mdomoni, na nikapiga ukelele ambao hata sasa Batuli anasema aliusikia kwao. Wanaume walimtoa kwa kitanda cha kamba. Ilibidi wamwinamishe kidogo kwenye kona ya ngazi, na hakulia. Hospitalini dresa wa zamu alikuwa Bwana Mutua, Mkamba, mtu wa kusema mambo wazi. Aliuliza amelala pale tangu lini. Tulikuwa watu kama ishirini ukumbini na hakuna aliyejua. Akauliza nani alikuwa akimtunza, na ishirini wote tukasema, sisi.

Mwisho wake niuseme hapa nisirudi tena: alipelekwa Nairobi, akaishi wiki sita. Zuhura aliporudi kutoka Pate alikwenda moja kwa moja juu, akavitoa vitu katika zidaka kimoja kimoja, akavitia kikapuni, na hakucheza tena hata kwenye harusi. Hakunilaumu na hakuniuliza kitu. Tulizeeka pamoja na hilo likiwa kati yetu, naye amekwenda nalo.

Simu ya upepo, telegramu, ilipelekwa Nairobi, na Anna alirudi kwa ndege ile ile ndogo. Nilimwona gatini, asubuhi, wakati Bi Lusi anateremshwa botini juu ya godoro, kichwa kimefunikwa kwa kanga ya mamake Zuhura ili jua lisimpige. Nilikuwa nimeponyoka nyumbani bila ruhusa. Alinitambua. Akaja akasimama mbele yangu, macho mekundu, akaniuliza ni tangu lini shangazi yake yuko hivi. Safari hii niliyasema yote bila kuvuta pumzi. Mkate, ndimu, barua iliyosomwa mara mbili, maneno yetu, zidaka, stovu na leso. Nikamwambia ni tangu kabla hajaja mara ya kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi niliuliza wewe," akasema. "Pale kwa ngazi. Wewe nasema mzima."

"Uliniuliza mara moya," nikamwambia.

Alingoja niendelee. Nami nilingoja aulize. Watu wa boti wakamwita, akashuka, akaketi karibu na kichwa cha shangazi yake na kuanza kumfukuzia nzi kwa mkono. Nilibaki juu ya gati mpaka boti ikapinda kwenda Manda, nikiionea aibu adabu niliyofunzwa, na sikuwa na nyingine.